Gia ya Kupumulia

Nitaanza na shati lake, maana ndilo lililoanza kuniudhi. Fundi alivaa shati jeupe kazini. Si koti la kazi, si fulana iliyochoka. Shati jeupe la mikono mirefu, lililopigwa pasi, kola imesimama. Aliingia nalo chini ya gari akatoka nalo, na ukitafuta doa la oili ulitafuta mpaka ukaona haya. Watu wa Kyela walilisifu shati lile utadhani ndilo lililokuwa likitengeneza magari. Mimi nilisema moyoni kwamba mtu asiyechafuka kazini ama hafanyi kazi, ama ana mke anayeteseka. Baadaye nilimjua mkewe. Kweli alikuwa anateseka, lakini si kwa sababu ya shati. Kwa sababu ya mwiko.

Fundi alisikiliza injini kwa mwiko wa ugali. Aliweka kichwa cha mwiko juu ya injini na ncha ya mpini sikioni, akafumba macho, na wote tuliosimama pale tukanyamaza kama tuko ibadani. Mwiko ulikuwa wa mkewe. Mama huyo alificha miiko kwenye dari, chini ya kitanda, ndani ya gunia la mpunga, na bado ukienda kula kwao ugali ulikuwa na harufu ya oili kwa mbali. "Nimeolewa na mgonjwa wa masikio," alituambia siku moja huku anapakua mbasa, na Fundi akacheka kuliko sisi wote, kisha akajitwalia kichwa cha samaki bila kumkaribisha mgeni.

Alikuwa mroho wa samaki. Naliandika hili kwa furaha.

Uwanja wake ulikuwa nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, kwenye barabara iendayo Ipinda. Mashine ilinguruma kutwa nzima, na yeye akidai anasikia kidonda cha valvu moja katikati ya ngurumo ile. Pumba zilizotupwa na mashine ndizo alizonawia. Alichota konzi mbili, akazichanganya na mafuta ya taa, akasugua mikono mpaka viwiko, akasuuza, kisha akatoa kopo la mafuta ya kujipaka kutoka mfukoni na kujipaka taratibu, kidole kwa kidole. Wanawake waliokuja kukoboa mpunga walimwangalia wakicheka. Baba yangu alimwangalia pia, na hakucheka. Alikuwa akitikisa kichwa chake kwa kupendezwa, namna ambayo sikuwahi kumwona akiniangalia mimi.

Nimesema. Sasa naweza kuendelea.

Zilikuwa zama za ruksa. Vitu vilikuwa vimefunguliwa. Mitumba ilipanda kwa malori, sabuni zikarudi madukani, na magari ya Kijapani yaliyotumika yakaanza kuteremka kutoka Tukuyu yakielekea Kasumulu ili yavuke kwenda Malawi. Mengi yalifika. Mengine yalishindwa kona za kule juu, yakabaki mabondeni, na kila lililobaki bondeni Fundi alipata habari zake kabla ya ndugu wa dereva. Alikwenda kwa baiskeli, akazunguka mzoga wa gari, akaugusagusa, akarudi akiwa na furaha ya mtu aliyetoka harusini.

Nimetaja baiskeli. Jambo hili mtu asiyemjua hataliamini: Fundi alikuwa haendeshi gari. Ndani ya uwanja wake alilisogeza mbele na nyuma, basi. Barabarani aliogopa. Hakusema anaogopa. Alisema, "Daktari hajipasui mwenyewe," kana kwamba hilo ni jibu. Gari likimalizika kutengenezwa, mwenyewe alishika usukani, Fundi akakaa kiti cha pembeni na mwiko wake mapajani, na safari ya kujaribu ikaanza. Kwa magari mengine safari hizo ziliishia darajani. Kwa gari la baba zilifika Matema.

Sasa gari lenyewe. Lilikuwa gari la zamani la Kiingereza, refu, rangi ya chai ya maziwa, lenye mapezi mawili nyuma. Kwa mapezi hayo watu walilibatiza Mbasa, jina la samaki wetu mkubwa wa ziwani. Baba alilinunua akiwa bado na nguvu zake na chama cha ushirika kikiwa bado na zake. Chama kilikwisha, Mbasa alibaki. Kelele zake zilifahamika kutoka Njisi mpaka Ipinda. Ukilikimbiza kidogo tu injini ilipiga mayowe, na hapo mliokuwa ndani ilibidi mchague kati ya kwenda na kuzungumza. Baba alichagua kwenda.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ulilala, ukaamka. Mguu wa kushoto ulilala, haukuamka. Na gari lile lilikuwa na klachi nzito ajabu, hata mimi kijana ilinichosha goti. Baba hakuweza tena kuliendesha. Siku aliponipa ufunguo alinipa bila kuniangalia, akaingia upande wa abiria, akauinua mguu wake kwa mikono miwili, akauweka ndani kama mzigo, akasema, "Endesha."

Nitasema ukweli wangu: zile ndizo siku nilizozipenda kuliko zote. Nilikuwa kijana niliyeoa karibuni, na watoto wa wazee wengine walikuwa wamekimbilia Mbeya kufanya biashara. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa na kazi ambayo hakuna aliyeweza kunipokonya. Asubuhi nampakia baba, tunakwenda kanisani kwenye kikao cha wazee, tunakwenda Ipinda kuangalia bei ya mpunga, tunakwenda Kasumulu kumwona shangazi aliyeolewa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, akivuka kuja sokoni. Hata tukisimama, baba hakushuka. Gari lilikuwa kiti chake. Watu walikuja dirishani, wakainama, "Mugonile, tata," naye akawapokea salamu zao akiwa amekaa. Jioni tulirudi. Hatukuzungumza, Mbasa hakuturuhusu, lakini bega langu na bega lake vilikuwa pamoja kutwa nzima. Nilidhani na yeye anafurahi.

Mke wangu hakupanda gari lile hata siku moja. Hili nalo lazima nilieleze, maana vijana wa leo wamelegeza. Kwetu mkamwana hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anakuja, huacha njia na kumpa mgongo. Haketi naye, hali naye, jina lake halitamki. Na mzee naye hamtaji mkamwana, hamsemi, si kwa wema wala kwa ubaya. Ni heshima, wala si uadui hata kidogo. Kwa hiyo kwa kuwa baba alikuwa ndani ya gari kuanzia asubuhi mpaka jioni, mke wangu alikuwa nje yake kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alitembea. Mpunga alipalilia peke yake, kokoa alivuna peke yake, maana mume wake alikuwa barabarani anaendesha.

Siku moja ya masika, mvua zile za kwetu zinazonyesha mpaka vyura wanatafuta pa kujikinga, tulikuwa tunatoka Ipinda. Mbele yetu kuna mwanamke anatembea kandokando ya barabara, amejifunika jani la mgomba, tumbo kubwa limetangulia. Alikuwa anatoka kliniki. Alisikia sauti ya Mbasa kabla hatujamfikia. Bila kugeuka aliteremka kwenye jaruba la mpunga, maji yakamfika kwenye magoti, akachuchumaa hivyohivyo na kutupa mgongo mpaka tupite. Nilimtambua kwa kitenge. Baba alikuwa anatazama mbele. Niliona anapiga paja lake la kushoto kwa ngumi, mara moja, kwa nguvu.

"Mguu unauma, tata?" nilipaza sauti.

"Endesha," alisema.

Wiki hiyohiyo aliniambia nimpeleke kwa Fundi. Nilidhani ni breki.

Walizungumza baba akiwa kwenye gari na Fundi amechuchumaa dirishani, mimi nikiwa nimetumwa nikanunue soda. Niliporudi na chupa tatu, Fundi alinitazama akanishukuru, "Dereva, ndaga fijo." Dereva! Jina langu alilijua vizuri. Tangu siku ile hakuniita kingine. Baba yangu yeye alimwita tata, yaani baba, neno langu mimi, na mimi akaniita dereva, mbele ya wake za watu wanaokoboa mpunga.

"Tunalitoa klachi gari hili," alinitangazia. "Tunaweka otomatiki. Mzee ataendesha kwa mguu mmoja."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, natumaini mashine ya mpunga haikuniziba. Nilimwambia giaboksi ya Kijapani haiwezi kukaa kwenye injini ya Kiingereza, matundu hayalingani, urefu haulingani, hata nati zenyewe hazizungumzi lugha moja. Yote hayo yalikuwa kweli. Fundi aliyasikiliza yote huku anajipaka mafuta vidole. "Nati ikikataa ina sababu yake," akasema. "Tutaiuliza."

Huo ulikuwa msemo wake mkuu. Alikuwa nayo mingi, na mingi ilikuwa upuuzi. "Gari halidanganyi, anayedanganya ni mwenye gari." "Haraka ni ya gia ya kwanza." Na yeye mwenyewe alikuwa mwongo. Alisema aliwahi kutengeneza magari ya wakubwa wa Blantyre. Ukimwuliza wakubwa gani, aliangalia angani. Alisema amewahi kula chakula meza moja na Mzungu mwenye meli. Alidanganya kuhusu umri wake, kuhusu samaki, kuhusu mvua ya jana ambayo sote tuliiona. Lakini juu ya gari hakudanganya hata kidogo. Gari likifa alisema limekufa, hata kama mwenyewe amesafiri siku nzima kuja kusikia vingine. Nilimvizia miaka nimkamate na uongo mmoja wa gari. Sikuupata, na hilo lilinikera kuliko ule uongo mwingine wote.

Giaboksi aliitoa kwenye gari moja la kwenda Malawi lililokuwa limepinduka kwenye mteremko. Ilikuwa na gia nne, na ya nne ilikuwa na kitufe chake kwenye kishikio, kimeandikwa herufi mbili za Kizungu. Fundi alituonyesha kitufe kile kama anayeonyesha pete ya uchumba. Ukiwa umeshachanganya mwendo kwenye barabara iliyonyooka, alisema, unabonyeza, na injini inashusha pumzi: magurudumu yanaendelea kukimbia lakini injini inatembea. Baba alikirudia kile kitufe kwa kidole gumba, tena na tena, giaboksi ikiwa bado chini kwenye pumba. "Gia ya kupumulia," akasema. Jina likabaki hilo.

Kwa mara ya kwanza tangu augue, baba alikuwa na mahali pa kwenda. Kila asubuhi nilimpeleka kwa Fundi, na kila asubuhi alikuwa amevaa kabla sijaamka. Alikaa kwenye kiti cha kamba, mguu umenyooshwa, akitazama. Fundi alitafuta bamba nene la chuma kwenye mabaki ya boti chakavu kule Itungi, akalikata kwa msumeno wa mkono, akalitoboa matundu upande huu ya Kiingereza, upande huu ya Kijapani, mpaka injini na giaboksi zikakubali kushikana. Propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma, akaifupisha. Mafuta ya giaboksi yalihitaji mahali pa kupoa, na rejeta ya zamani haikuwa na nafasi hiyo, basi akafungua mgongo wa friji mbovu, akachukua zile bomba nyembamba zilizopindapinda, akazifunga mbele ya rejeta. Pedali ya klachi aliing'oa mwisho. Hakuitupa. Alimpa baba mkononi, baba akaishika muda mrefu, kisha akanipa mimi nikaiweke nyuma ya gari. Nilikaa nayo mapajani nikiwa nimeketi kwenye gogo. Nilijiona nimepewa barua ya kufukuzwa kazi.

Walikuwa wakibishana kama watu waliokua pamoja. "Mma, hapana, tata, hapo patagonga." "Inua basi." "Nikiinua, ekzosi itakwenda wapi?" Baba yangu, mtu wa maneno machache kama mvua ya Oktoba, alikuwa anabishana! Nyumbani alirudi na habari za bomba na nati, akazieleza kwa mama mpaka mama akasinzia. Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Changu kilikuwa ndani ya shati jeupe.

Safari ya kwanza walikwenda wao wawili, baba kwenye usukani na Fundi kwenye kiti cha pembeni. Mimi niliambiwa nisubiri. Niliwaona wakiondoka: gari halikuruka, halikushtuka, liliteleza tu kama mtumbwi uliosukumwa vizuri. Baba alitoa mkono dirishani akapunga. Hakunipungia mimi, alikipungia kiwanja chote. Watu wa mashine ya mpunga wakapiga vigelegele, na mimi nikaenda kukaa nyuma ya pumba.

Hawakurudi. Jua likageuka, hawakurudi. Nikaazima baiskeli, na sitaficha kwamba nilikanyaga huku nikitabasamu. Niliwakuta njiani wanarudi, Mbasa amefungwa kamba mbele na ng'ombe wawili wa kulimia wanamvuta, mwenye ng'ombe ametangulia na fimbo. Kebo inayotoka kwenye kabureta kwenda kwenye giaboksi, ile inayoiambia giaboksi mguu umekanyaga kiasi gani, Fundi alikuwa ameiweka ya breki ya baiskeli. Mwendesha baiskeli, ndivyo alivyofikiri! Ikanyooka, ikalegea, giaboksi ikaanza kuteleza na kunuka. Baba alisikia harufu akazima mapema, ndiyo pona yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu. Nilijongea dirishani nikiwa na sentensi yangu nimeiandaa vizuri. Nikakuta baba anacheka. Anacheka machozi yanamtoka, ameshika usukani wa gari linalovutwa na ng'ombe, na Fundi pembeni yake anacheka kichwa kimegonga dirisha. "Gia ya ng'ombe!" baba alisema, akashindwa kuendelea. Mama alikuwa amesema hatamsikia tena akicheka. Sentensi yangu nikaimeza. Hata kushindwa kwake, mtu yule, kulimpa baba kitu ambacho kufaulu kwangu hakukumpa.

Kebo ya Kijapani yenyewe ilipatikana, ikafungwa, na kazi ikawa imekwisha. Fundi akaweka mwiko sikioni, akafumba macho, akasema, "Amelala vizuri." Tangu hapo baba akaanza kuendesha. Asubuhi aliondoka peke yake, au zaidi alipita kumchukua Fundi, wakaenda zao mpaka ziwani kununua dagaa wa usipa na kurudi. Kwenye barabara iliyonyooka, watu waliniambia, Mbasa hupita kimya siku hizi, na ndani yake wanaonekana wawili wanazungumza. Wanazungumza! Mimi niliyekaa bega kwa bega na baba yangu masika na kiangazi sikuwahi kusikia zaidi ya "endesha", "simama" na "geuza".

Kulikuwa na dharau nyingine. Kabla jua halijawa kali, baba alikuwa amerudi. Aliegesha gari karibu na jiko la mke wangu, akaacha ufunguo juu ya boneti, akajikokota na fimbo mpaka barazani. Kisha akageuza kiti, akakaa amelipa gari mgongo, anatazama ukuta. "Mimi leo sitoki tena," alisema kwa sauti kubwa, hana anayemwambia. Kila siku hivyo. Nilielewa kwamba ananitupia makombo: asubuhi ya kwake na Fundi wake, mchana uliobaki ni wa dereva wa zamani. Nilielewa pia kwamba hataki hata kuniona nikiendesha.

Basi kwa hasira nikamwambia mke wangu, "Panda." Aliogopa. Alichungulia barazani, akaona mgongo wa mzee, akapanda mbele. Nilimpeleka kliniki. Nilimpeleka sokoni Ipinda na mpunga wake nyuma. Uchungu ulipomshika ilikuwa mchana, gari liko pale, ufunguo uko juu ya boneti, tukafika hospitali salama na binti yetu akazaliwa kwenye kitanda. Nilianza pia kulima, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine. Haya yote niliyafanya nimenuna. Na kitufe kile sikukibonyeza. Miaka yote, hata baada ya baba kufariki na Mbasa kuwa wangu, sikukigusa. Nilimkimbiza na mayowe yake kama zamani. Gia ile ilikuwa yao, si yangu.

Msibani Fundi alikuja na shati jeupe. Alilia kwa sauti kuliko sisi wana, akaimba nje ya tuni kama alivyoimba kanisani siku zote, akala vichwa viwili vya samaki. Watu walimpa pole. Walimpa pole yeye! Nilitazama pembeni.

Sikukutana naye tena ana kwa ana mpaka mwaka huu, baada ya mavuno. Natoka Ipinda, nikaona mzee mbele yangu anakokota baiskeli yenye pancha, shati jeupe, kola imeliwa na miaka. Mguu wangu ulitaka kumpita, ule mwingine haukuwa na kazi. Nikasimama.

"Dereva," alisema, kama tumeachana jana.

"Mugonile, Fundi."

"Ndaga. Pana nafasi?"

"Gari lote hili."

Baiskeli tukaiweka nyuma, gurudumu limechungulia nje. Akakaa kiti cha pembeni, akavuta hewa, akapapasa mlango. Hakuwa na mwiko. Nilipochanganya mwendo na injini ikaanza mayowe, alikunja uso.

"Kitufe kimekufa?" alipaza sauti.

"Hakijafa."

"Sasa mbona unamtesa?"

Akanyoosha mkono wake uliopakwa mafuta, akabonyeza. Mbasa akashusha pumzi. Ghafla nikasikia matairi yanavyokanyaga barabara, nikasikia baiskeli inavyogonga nyuma, nikasikia hata pumzi za yule mzee. Nilikuwa na gari lile karibu maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia hivyo.

"Mkeo hajambo?" aliuliza, kwa sauti ya kawaida tu.

"Hajambo."

"Na yule aliyekuwa tumboni siku ya jaruba?"

Nikamgeukia. "Jaruba gani?"

"Angalia njia, dereva. Siku ya mvua, mkeo alipoingia majini kuwapisha. Mzee aliniambia. Ndilo lililomleta kwangu." Akatafuta maneno yalivyokuwa. "Alisema, 'Fundi, mwanangu nimemfanya mguu wangu wa kushoto. Mkewe anatembea na mimba kwenye mvua, na mumewe yuko kwangu anakanyaga klachi. Mtoto si mguu. Nitolee klachi hii.' Ndiyo nikaitoa. Na mchana akawa anashuka mapema na kukaa ametazama ukuta ili binti wa watu apande bila haya. Alikuwa anasikia mlango wa gari ukifungwa, ananihadithia kesho yake. 'Wamekwenda, Fundi. Leo nao wamekwenda.'"

Barabara ilikuwa imenyooka mbele yetu, mpunga umevunwa pande zote mbili. Nilishika usukani kwa mikono miwili.

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Akutajie mkamwana? Mzee yule?" Alicheka kidogo. "Na angekwambia lini? Ulikuwa unapiga kelele na gari lako."

Nilimshusha kwenye uwanja wake. Mashine ya mpunga haipo tena. Alichukua baiskeli yake, akasema ndaga fijo, akaenda anaburuza pancha.

Nyumbani mke wangu alikuwa anaanua mpunga. Nikamwambia apande. Alipanda vilevile na pumba mikononi, akidhani kuna mgonjwa. Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka nikabonyeza kitufe.

"Mbona kimya?" aliuliza. "Limeharibika?"

Nikamwambia yote: paja lililopigwa ngumi, klachi, mgongo wa baba barazani. Nilimwambia kwa sauti ndogo, na alisikia kila neno. Alitazama majaruba muda mrefu, akajifuta macho kwa kitenge, kisha akauliza Fundi aliyajuaje yote hayo, na wivu wangu wa miaka yote ukaamka ukiwa mzima kabisa.

"Aliambiwa," nikasema. "Yeye ndiye aliyeambiwa."